Kubadilishana picha: mtoto asiyesema anavyofundishwa kuomba

Kubadilishana picha ni njia ya kumfundisha mtoto mwenye usonji, asiyesema au mwenye maneno machache, kuomba kitu kwa kumkabidhi mtu kadi yenye picha ya kitu hicho. Mfumo wake rasmi, PECS (kifupisho cha Kiingereza cha "mfumo wa mawasiliano kwa kubadilishana picha"), ulianzishwa na Andy Bondy na Lori Frost huko Delaware, Marekani, mwaka 1985, na una hatua sita. Kiini chake ni kule kukabidhi. Mtoto anaweza kugusa picha ukutani bila mtu kumwona. Akikutia kadi mkononi, amekufikia.

Hatua ya kwanza inataka watu wazima wawili, na hapo ndipo wengi hukosea. Mwekee mtoto vitu vinne au vitano uone anachokikimbilia. Tuseme ni ndizi: ikate vipande vidogo, aombe mara nyingi kabla hajashiba. Mmoja anakaa mbele yake na ndizi, kadi ikiwa katikati. Wa pili anakaa nyuma, kimya kabisa. Mtoto akinyoosha mkono kufuata ndizi, wa nyuma anauongoza uokote kadi na kuiachia kiganjani mwa wa mbele, ambaye papo hapo anasema "Ndizi!" na kumpa. Msaada huo huondolewa kuanzia mwisho: kwanza kwenye kuachia kadi, kisha kuifikisha, mwisho kuiokota.

Usimuulize "Unataka nini?" Usimwambie "Nipe kadi." Akizoea hivyo, atakaa na njaa akisubiri kuulizwa. Swali hilo lina mahali pake, hatua ya tano.

Katika hatua ya pili, kadi na mtu husogezwa mbali kidogo kidogo, hadi mtoto akufuate hata jikoni. Ya tatu ni kuchagua: kadi ya ndizi pamoja na ya soksi. Akitoa ya soksi, mpe soksi. Akiikataa, mwonyeshe picha sahihi na arudie. Ya nne huunganisha kadi ya "nataka" na ya "ndizi" kwenye ukanda mmoja, ambao mtoto huukabidhi. Ya sita humfundisha kusema anachokiona au kukisikia, bila kuomba chochote.

Wazazi wengi huogopa kwamba kadi zitamzuia mtoto kusema. Tafiti hazijaonyesha hivyo, na baadhi ya watoto huanza kutamka maneno wakiwa wanazitumia, ingawa si wote. Kinachodhuru ni kuzifungia kabatini somo likiisha. Zibandike kwa velkro kwenye faili lenye mkanda, aende nalo shuleni, mezani na kwa bibi.