Kingamwili za utafiti ni nini?

Ukipimwa malaria kwa kipimo cha haraka kwenye kituo cha afya, Unguja au Pemba, ule mstari unaojitokeza ni kazi ya kingamwili, yaani protini za kinga ya mwili zinazonasa kitu maalumu. Ndani ya kipimo zimo kingamwili zinazonasa HRP2, protini ambayo vimelea vya Plasmodium falciparum huimwaga kwenye damu. Vimelea vikishakufa, protini hiyo huweza kubaki kwa wiki kadhaa, na kipimo kikaendelea kuiona.

Kingamwili za utafiti hufanya kazi hiyo hiyo ya kunasa na kuonyesha. Si dawa. Mtafiti huchagua shabaha yake, tuseme FDC-SP, protini ndogo inayotolewa na seli za dendriti za vinundu, zilizomo kwenye mafindofindo na tezi za limfu, mahali ambapo seli B, zile zinazotengeneza kingamwili, hunolewa kupambana na maradhi.

Sungura hudungwa protini hiyo au kipande chake, na mwili wake ukatengeneza kingamwili za aina nyingi zinazoishika sehemu mbalimbali. Ikitakiwa aina moja tu, hutumika mbinu ya Georges Köhler na César Milstein ya mwaka 1975: seli B ya panya huunganishwa na seli ya saratani, ikazaliana bila kukoma.

Ugumu wenyewe uko hapa. Protini inayotolewa nje haikai ndani ya seli iliyoitengeneza. Ukipaka kingamwili, iliyounganishwa na rangi ya kuionyesha, juu ya kipande cha findo na usione rangi, usiseme upesi kwamba seli hazitengenezi kitu. Huenda ni sawa na kutafuta karafuu mtini baada ya wachumaji kushuka. Mtafiti makini huizuia protini isitoke, kwa kemikali kama brefeldini A, kisha ndipo hutazama seli. Pia hupima majimaji yaliyozizunguka.

Na rangi ikionekana? Bado. Kingamwili inaweza kushika protini nyingine yenye umbo linalokaribiana, na hili limepoteza fedha na miaka ya watafiti wengi duniani. Maandishi ya kwenye kichupa hayatoshi, hata kiwe cha bei gani. Mwanafunzi anayetamani kazi ya maabara, iwe pale maabara ya Ivo de Carneri, Wawi, Pemba, au kwengineko, aanze na swali hili: kingamwili hii imejaribiwa kwenye seli zilizoondolewa jeni ya protini hiyo? Rangi ikitokea hata huko, inashika kitu chengine.