Kompyuta ya VGA haijafa, waya ndio sio

Jamani hii ya kusema eti kompyuta ya zamani yenye VGA (lile tundu la zamani la kuchomeka waya wa skrini) haiwezi kuonyesha kwenye skrini mpya ya HDMI (tundu la kisasa), sio kweli kabisa, na inaniuma sana kuona mashine nzima inatupwa. Kinachotokea mtu ananunua ule waya wa bei chee, huku VGA huku HDMI, anachomeka, skrini inasema haipati kitu, basi anaamua kompyuta imekufa. VGA ilianza na IBM 1987, inatoa picha kwa analogi, yaani mawimbi ya umeme, HDMI inataka dijitali, yaani namba, na waya mtupu haubadilishi chochote, lazima upate adapta yenye chipu ndani, na nyingi zinachomekwa USB zipate umeme. Halafu angalia upande!! Ile ya kutoka HDMI kwenda VGA haigeuziki, hata ukilazimisha, kwa hiyo mwambie muuzaji VGA ndo inatoka kwenye kompyuta. Sauti nayo VGA haibebi, chukua adapta yenye kawaya ka sauti au chomeka spika kwenye kompyuta yenyewe. Ila kwanza cheki nyuma ya kompyuta, ukikuta tundu lingine la skrini linaloitwa DVI-D, hiyo tayari ni dijitali, hapo waya wa kawaida wa DVI kwenda HDMI unatosha.