Hela za hisani Moshi: tunayoyaamini na sheria inavyosema

"Cheti cha usajili ni cheti, mradi kipo." Kauli hii naisikia kwenye vikao vya mtaa hapa Moshi kila kadi za mchango zinapogawiwa, na naamini ndiyo inayowaumiza watoaji kuliko zote. Ndiyo maana naunga mkono kuoanisha sheria za uchangishaji, yaani anayeomba umma hela za hisani afuate kanuni moja.

Cheti kipi? Taasisi za udhamini husajiliwa Rita, wakala wa usajili, ufilisi na udhamini. Jumuiya za dini ziko kwa Msajili wa Jumuiya, kampuni ziko Brela, wakala wa usajili wa biashara na leseni, na mashirika yasiyo ya kiserikali (NGO) yana msajili wao chini ya Sheria Na. 24 ya 2002. Kila mlango wa usajili una hesabu zake na mtu wake wa kuulizwa. Sheria hiyo ya 2002 inalipatia shirika lililosajiliwa haki ya kuchangisha kwa njia zinazokubalika kisheria. Kanuni za 2018 zikaongeza kwamba mkataba wa fedha zinazozidi shilingi milioni 20 upelekwe Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10. Mwenye cheti cha mlango mwingine habanwi na kanuni hizo. Anayetoa elfu tano yake sokoni Mbuyuni atajuaje tofauti?

Wengine husema kazi ya kuoanisha sheria ilikwisha 2019. Ni kweli kwamba mwaka huo waliokuwa wakifanya kazi za NGO kwa vyeti vya kampuni, vyama au udhamini walipewa hadi mwisho wa Agosti wahamie kwenye sheria ya mashirika. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Ila ilipanga nani akae wapi, na swali la namna ya kumwomba mtu fedha, kumpa risiti na kumrudishia taarifa ni swali jingine.

Halafu kuna mlima wetu. Wapagazi na waongozaji wanajua idadi ya wageni wanaopanda Kilimanjaro "kwa hisani", yaani kwa kuchangisha fedha za misaada. Watu hudhani hela hizo zote zinasimamiwa hapa kwa kuwa jasho limetoka hapa. Sivyo. Kibali cha kupanda ni cha hifadhi tu. Fedha hufuata sheria ya mahali zilipochangwa. Mgodi wa Geita ulipoanzisha mwaka 2002 upandaji wa kuchangia vita dhidi ya Ukimwi, hilo lilikuwa jambo la Tanzania. Mgeni aliyechangisha London anasimamiwa na taasisi ya hisani ya England na Wales, na mwenzake wa Edinburgh ana msimamizi mwingine kabisa, wa Scotland. Australia nako karibu kila jimbo lina sheria yake ya uchangishaji. Februari 2023 serikali zao zikakubaliana kanuni za pamoja, ili shirika linaloomba nchi nzima lisijaze fomu tofauti kila linapovuka mpaka.

Hapo ndipo ninapopingana na wanaosema kuoanisha ni kubana misaada. Shirika dogo lenye mweka hazina mmoja wa kujitolea ndilo linalochoshwa zaidi na sheria zilizotawanyika. Kanuni moja fupi, inayosomeka kwa Kiswahili, ingelipunguzia mzigo na kumpa mtoaji ngao.

Kuhusu kodi: usajili wa NGO haufuti kodi. Chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, shirika huomba kwa Kamishna wa TRA, mamlaka ya mapato, litambuliwe kuwa la hisani. Mfanyabiashara anayelichangia anaweza kuondoa mchango huo kwenye mapato yanayotozwa kodi, usiozidi asilimia 2 ya mapato ya biashara yake.

Na wanaohofia kwamba michango ya arusi na misiba itadaiwa vibali, hiyo ni michango ya wanaojuana kwa mtu wanayemjua. Ninayoizungumzia ni ile ya kuomba umma. Ukiletewa kadi ya namna hiyo, uliza jina kamili la shirika na namba ya usajili, kisha nenda navyo kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri, maana msajili msaidizi wa mashirika yuko huko huko.