Vilima vya kutengenezwa vya Uingereza: yanayosemwa na yaliyomo ndani

Magharibi ya mji wa Marlborough, mkoani Wiltshire, barabara ya A4 inapita chini ya Silbury Hill. Kwa mbali kinaonekana kilima cha kawaida chenye nyasi, kumbe chote kilimwagwa kwa mikono ya watu. Kina urefu wa zaidi ya mita 30, kitako chake kina upana wa mita 160 hivi, na udongo wake, ambao sehemu kubwa ni chaki (mwamba laini mweupe), unakaribia mita za ujazo 250,000. Kilijengwa kwa ajili gani? Hakuna ajuaye, ndiyo maana uvumi umejaa.

"Ni kaburi la mfalme"

Wenyeji walisimulia juu ya Mfalme Sil, aliyezikwa humo juu ya farasi wake pamoja na dhahabu tele. Simulizi hiyo imekigharimu sana kilima. Mwaka 1776 wachimba migodi kutoka Cornwall walitoboa shimo la wima kutoka kileleni hadi chini. Mwaka 1849 likachimbwa handaki kutoka ubavuni, na kati ya 1968 na 1970 mwanaakiolojia Richard Atkinson akachimba jingine huku kamera za BBC zikimfuata. Hakuna aliyekuta chumba cha kaburi.

Walichokikuta katikati ni tuta dogo la changarawe, lisilofika hata mita moja kwenda juu. Juu yake yalipangwa mabonge ya udongo yaliyokatwa pamoja na nyasi zake, na kwa kuwa hewa haikupenya, mimea na wadudu wa zamani zile wamebaki humo. Kisha ndipo ikaja chaki. Ni kweli kwamba mwaka 1723, wapanda miti walipochimba kileleni, yalitoka mifupa ya mtu pamoja na lijamu ya chuma. Lakini kilima ni cha mnamo 2400 KK, na wakati huo chuma hakikuwa kimefika Uingereza. Huyo alizikwa baadaye sana, kwenye kilima alichokikuta.

"Mashimo ya zamani yalishazibwa, hayana madhara"

Mei 2000 shimo lilifunguka ghafla kileleni. Lilikuwa lile lile la 1776, ambalo halikuwahi kujazwa sawasawa. Hivi ndivyo inavyotokea: maji ya mvua hupenya na kulegeza kifusi, paa la uwazi ulioachwa chini humeguka kidogo kidogo, na kila kinachomeguka huanguka sakafuni. Kwa hiyo uwazi haukai mahali pamoja, unapanda juu mwaka baada ya mwaka mpaka unatokeza nje. Mahandaki ya pembeni nayo yalikuwa yamejazwa nusunusu. Mwaka 2007 na 2008 mafundi walilazimika kulifungua tena handaki la Atkinson, kuondoa kifusi kilicholegea na kushindilia chaki mpya hadi kwenye paa. Ukiacha nafasi ya kiganja tu kati ya kifusi na paa, umeanzisha shimo jingine.

"Kilima cha duara chenye kilele bapa ni ngome ya Wanormani"

Kosa hili hata wataalamu wamelifanya, na lina sababu. Baada ya 1066 Wanormani, wavamizi kutoka kaskazini mwa Ufaransa, walijenga ngome nyingi juu ya matuta ya namna hii. Tuta la Marlborough, lenye kimo cha mita 19, lilihesabiwa miongoni mwake. Mwaka 2011 ikatangazwa kuwa nalo ni la mnamo 2400 KK. Wanormani walikikuta kitu kipo tayari, wakaweka ngome juu. Tuta la Skipsea, Yorkshire, likaonekana kuwa na miaka kama 2,500. Matuta mengine yaliyopimwa yalikuwa ya Wanormani kweli, kwa hiyo umbo halikupi jibu. Hata kilele bapa cha Silbury kinadhaniwa kukatwa katika zama za kati.

Kupima hakuhitaji handaki. Bomba jembamba hushindiliwa kutoka juu mpaka kwenye ardhi ya asili, kisha hutolewa likiwa na mkanda wa udongo wenye tabaka zake. Humo hutafutwa makaa au mabaki ya mimea ya kupimwa kaboni-14 ili kujua umri. Yafaa zaidi kijiti au ganda la kokwa, vitu vya maisha mafupi. Kiini cha mwaloni mkubwa kinaweza kuongeza miaka mia kadhaa ya uongo. Hatari nyingine ni kwamba wajenzi walizoa udongo wa jirani, na makaa yaliyomo yanaweza kuwa ya kale kuliko tuta lenyewe. Sampuli moja peke yake ina thamani ndogo. Marlborough iliaminika kwa sababu sampuli za vina tofauti zilikubaliana.

"Kilijengwa mara moja kwa ramani moja"

Atkinson aliona hatua tatu. Uchunguzi wa 2007 ulionyesha hatua nyingi zaidi, zilizochukua labda miaka mia. Mtaro ulichimbwa, ukafukiwa, ukachimbwa mwingine nje zaidi kadiri kilima kilivyotanuka. Sisi tunaona huenda ujenzi wenyewe ndio uliokuwa shughuli, na ukubwa ukaja baadaye. Wale sisimizi wenye mbawa waliokutwa kwenye mabonge ya nyasi, waliofanya watu waseme kazi ilianza Agosti, wanaweza kueleza msimu wa kukata mabonge yale tu.

"Ni kazi ya Warumi"

Barabara ya Kirumi inapinda ili kukikwepa. Basi.

"Ni kilima tu, naweza kupanda na kitambua metali changu"

Silbury imefungwa kwa wapandaji, kwa sababu nyayo huvunja nyasi na maji hufuata njia hiyo. Kutumia kitambua metali bila kibali kwenye eneo linalolindwa ni kosa chini ya sheria ya 1979 ya kulinda maeneo ya kale, hata usipochimba kitu. Tuta la Marlborough limo ndani ya uwanja wa shule, kwa hiyo huingii bila mpango. Silbury utaiona vizuri kutoka kwenye maegesho yaliyo kando ya A4.