Krimu si dawa ya kiungulia

Wengi wenye kiungulia huacha nyanya na kumimina krimu kwenye tambi, wakiamini mchuzi mweupe hutuliza tumbo. Nyanya kweli huwachoma wengi, ila mafuta mengi nayo hukawiza chakula tumboni na kulegeza mlango wa umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni), asidi ikapanda.

Kwa watu 4, chemsha spageti gramu 320. Vuruga vijiko 2 vya chakula vya konifulawa (wanga wa mahindi) katika vikombe 2 vya maziwa yasiyo na mafuta, yakiwa baridi. Yakiwa ya moto, utapata mabonge tu. Koroga kwenye moto mdogo hadi mchuzi ushike mwiko. Ongeza mchicha, kuku wa kuchemsha asiye na ngozi, na maji kidogo ya tambi: wanga wake hunatisha mchuzi bila siagi. Baada ya kula, zipite angalau saa 3 kabla hujalala.