Kumalizia chesi dhidi ya kompyuta: maneno ya kijiweni na ukweli wenyewe

Tabora haina uhaba wa wacheza drafti. Chini ya mwembe utakuta ubao mmoja, vizibo vya soda, wachezaji wawili na watazamaji wanaojua kuliko wachezaji. Chesi ni ya wachache zaidi, na wengi wao wametokea huko huko kwenye drafti, mazoezi wakiyafanya kwenye simu. Kwa hiyo mengi yanayosemwa kuhusu kumalizia mchezo, pale kete zinapobaki tatu au nne, ni maneno ya drafti yaliyovishwa nguo za chesi.

“Kompyuta haifungiki, unajisumbua bure.”

Kwenye mchezo mzima, sawa. Stockfish, injini (yaani programu ya kucheza chesi) inayotolewa bure, inamshinda hata bingwa wa dunia. Lakini ikibaki na mfalme peke yake mbele ya mfalme na malkia wako, ujanja wake umeisha. Ukicheza sawasawa unaifunga ndani ya hatua zisizozidi 10. Ukiwa na ngome badala ya malkia, zisizozidi 16. Hali zenye kete saba kushuka chini, wafalme wakiwemo, zimeshakokotolewa mpaka mwisho na kuwekwa kwenye majedwali, na hakuna injini inayoweza kubishana na jedwali. Ukishindwa kufunga, basi ni wewe, si nguvu ya mashine.

“Asiye na pa kwenda kafungwa.”

Hii ndiyo inayowaponza watu wa drafti kuliko zote. Kwenye drafti, ukiishiwa njia umepoteza. Kwenye chesi, mwenye zamu akikosa pa kwenda na mfalme wake hashambuliwi, mchezo ni sare hapo hapo, hata kama mpinzani ana malkia watatu.

Tazama mfano huu. Herufi a hadi h ni safu za wima za ubao, namba 1 hadi 8 ni za mlalo. Mfalme mweusi yuko a8, hana kete nyingine. Mfalme wako yuko e3, mbali kidogo. Unampeleka malkia c7 ukijisifu kwamba umembana. Kweli umembana: a7, b7 na b8 zote zimezibwa. Ila pale a8 alipo hakuna anayemgusa, na zamu ni yake. Sare. Malkia huyo angesimama d7, nyumba moja tu kando, mfalme mweusi angebaki anahangaika kati ya a8 na b8. Wewe unamleta mfalme wako taratibu: d4, c5, b6. Kisha malkia anaingia b7 akilindwa na mfalme wake, na hapo ni mati, yaani mfalme kafungwa, mweusi awe a8 au b8. Hatua nne, bila papara. Rudia zoezi hili ukianza na mfalme mweusi katikati ya ubao, maana kumsukuma mpaka ukingoni ndiyo kazi yenyewe. Kumalizia pembeni ni rahisi.

“Mwanafunzi aanze na kiwango cha chini.”

Kwa mchezo mzima ni ushauri mzuri. Kwa zoezi la kumalizia ni ushauri mbovu. Injini iliyopunguzwa nguvu hukosea makusudi: mfalme wake atajipeleka mwenyewe kwenye kona, nawe utadhani ngome yako ndiyo iliyomfukuza. Weka nguvu zote. Mfalme atang'ang'ania katikati, na utalazimika kujifunza kumkatia mistari kwa ngome huku mfalme wako akisogea kusaidia. Na usibonyeze kurudisha hatua. Kijiweni ukigusa umecheza. Kwa nini kwenye simu ujihurumie?

“Ikionyesha 0.00, hapo hakuna cha kujifunza.”

Hiyo 0.00 ni alama ya injini kusema pande zote ziko sawa. Weka mfalme mweupe e5, askari mweupe e4, mfalme mweusi e7. Zamu ikiwa ya mweusi, mweupe anashinda. Zamu ikiwa ya mweupe, ni sare. Kete ni zile zile, nyumba zile zile, tofauti ni nani aanze kusogea. Cheza pande zote mbili, hasa upande wa kulinda sare, kwa sababu kosa moja tu la mfalme wako na injini haitakusamehe.

“Ukiiweza kompyuta, umemuweza kila mtu.”

Hapana. Injini inayopoteza huchagua hatua inayochelewesha mati, si ile inayokuchanganya wewe. Na ikijua ni sare, kila hatua inayolinda sare ni sawa kwake. Haina haja ya kukutega. Mtu aliyekaa mbele yako atakutega kwa sare ya kukwama, atakuchelewesha mpaka saa ikubane, atakohoa.

Lakini kuchelewesha kwenyewe si jambo dogo. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Walter Browne, bingwa wa Marekani, alipewa malkia dhidi ya ngome ya kompyuta iliyokuwa ikifuata jedwali la Ken Thompson, mtaalamu wa kompyuta. Ushindi ulioonekana wa wazi ulimponyoka, hatua 50 zikaisha. Alikwenda kusoma, akarudi, na mara ya pili akafaulu kwenye hatua ya 50 yenyewe. Sheria hiyo ipo mpaka leo: pande zote zikicheza hatua 50 bila kuliwa kete wala askari kusogea, mchezaji anaweza kudai sare. Kwa hiyo hesabu hatua zako unapofanya mazoezi.

“Lazima uwe na laptop na bando.”

Simu ya kawaida inatosha. DroidFish, programu ya simu za Android, kwa mfano, inabeba Stockfish ndani yake na haihitaji mtandao ukishaipakua. Majedwali ya kete tano yanachukua takriban gigabaiti moja. Yale ya kete saba ni zaidi ya terabaiti 16, hayo waachie wenye seva.

“Ukimaliza malkia na ngome, rukia askofu na farasi.”

Zinaweza kuhitajika hatua 33, na mati ya kulazimisha hupatikana kwenye kona ya rangi ya askofu wako tu. Miaka inaweza kupita usikutane nayo mchezoni. Farasi wawili dhidi ya mfalme mtupu ndio kabisa: huwezi kumlazimisha mpinzani afungwe, na Stockfish haitakosea kwa ajili yako. Muda huo upeleke kwa askari na ngome, kwa sababu ndizo zinazobaki ubaoni mara nyingi zaidi.