Bipola haipimwi kwa saa: maneno ya kliniki na maneno ya mtaani

Tangu kampeni ya Siku ya Afya ya Akili Duniani, 10 Oktoba, foleni ya kliniki yetu imerefuka. Tunashukuru. Shida ni kwamba wengi wanafika wakiwa wameshajipa jina la ugonjwa, na kikao cha kwanza chote kinaishia katika kuwavua jina hilo.

Juzi mama mmoja aliniletea mwanawe wa kidato cha pili. Hata hajaketi: "Daktari, huyu ni bipola. Asubuhi anacheka, jioni amenuna." Nikamuuliza kijana, simu yako huchukuliwa saa ngapi? Saa kumi na mbili jioni. (Na mimi si daktari, ingawa mama aliniita hivyo. Ni mwanasaikolojia, siandiki dawa, hata ya usingizi, hata ukinibembeleza. Dawa huandikwa na daktari wa magonjwa ya akili, mlango wa pili.)

Bipola haipimwi kwa saa. Ni ugonjwa wa vipindi, na kipindi cha uchangamfu uliopitiliza hudumu kwa kawaida siku 7 au zaidi: mtu analala kwa muda wa saa mbili tu na hachoki, anaongea bila kituo, anauza shamba anunue matatu ambayo hajaiona. Wakati mwingine anazama katika sonona (depression).

Sonona nayo si kila huzuni. Tunatafuta dalili angalau 5 kati ya 9, karibu kila siku kwa wiki 2, na mojawapo lazima iwe huzuni au kukosa hamu ya yale uliyoyapenda. Nyingine zinajulikana, sina haja ya kuzirudia zote. Ila wagonjwa wengi hawaji wakisema wana huzuni. Wanasema kichwa kinagonga, mwili umechoka, wamepimwa malaria mara tatu na haionekani. Na aliyefiwa wiki iliyopita akilia, hiyo si sonona. Amefiwa.

Msongo wa mawazo una chanzo unachoweza kukionyesha kwa kidole: karo, kodi ya nyumba, bosi. Chanzo kikiondoka, nao mara nyingi hupungua.

Kunyimwa cheo kunauma, lakini hakuitwi kiwewe. Hapa tunazungumzia tukio la kifo au tishio la kifo, jeraha kubwa, au ubakaji, na dalili zilizopita mwezi mmoja. Manusura wa ajali anayeshuka kwenye gari kila breki zinapolia, akatembea kilomita zilizobaki kwa miguu, huyo ndiye tunayesema ana kiwewe.

Skizofrenia iliponzwa na jina lake. Daktari wa akili wa Uswisi, Eugen Bleuler, aliliunda mwaka 1908 kutokana na maneno ya Kigiriki ya kupasuka na akili, na hadi leo watu wanadhani ni watu wawili ndani ya mwili mmoja. Sivyo. Mgonjwa huweza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au kushikilia imani isiyotikisika kwamba anafuatwa. Sina ugomvi na maombi. Nina ugomvi na anayemwachisha mgonjwa dawa ili aombewe.

Sasa malalamiko. Tumepokea mengi kuhusu waajiri wanaosambaza barua za wagonjwa kwenye makundi ya WhatsApp ya kazini. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, taarifa za afya ni data nyeti. Lalamiko hupelekwa kwa Kamishna wa Data, anayepaswa kulichunguza na kulimaliza ndani ya siku 90. Kosa la kufichua data kinyume cha sheria laweza kuleta faini isiyozidi shilingi milioni 3, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili.

Pia, wapo wanaoogopa kumleta hospitalini ndugu aliyejaribu kujiua, wakihofia polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilicholifanya jaribio hilo kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Mleteni moja kwa moja idara ya dharura, saa yoyote, bila kusubiri siku ya kliniki.

Barua ya kupeleka kwa mwajiri au mahakamani hatuitoi kikao cha kwanza. Njoo na kitambulisho na risiti ya malipo, fanyiwa tathmini hadi mwisho, kisha utie sahihi ya idhini inayotaja nani ataisoma barua hiyo. Karatasi ya maswali ya kujipima uliyoyajibu mtandaoni unaweza kuja nayo, lakini hatuipigi muhuri.